Motley alikaa kwenye kiti cha jaji miaka 39, mbona makala yenu imeishia mlangoni?

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na naomba msinikate sana maana jambo lenyewe ni refu. Nimesoma makala yenu kuhusu Constance Baker Motley, yule wakili mweusi wa Marekani, na kiukweli imeandikwa vizuri, ila mwandishi wenu kamaliza na mstari mmoja tu kwamba mwaka 1966 "aliteuliwa kuwa jaji" halafu basi, kana kwamba mama wa watu alienda kupumzika. Na kwenye makala nyingine ukurasa uleule mnasema majaji wenye nguvu kule ni wale 9 wa Mahakama Kuu ya nchi, wengine ni wa chini tu. Hapo ndo nimeshindwa kunyamaza.

Tuanze na huyo "wa chini". Kesi ya shirikisho kule, iwe mtu kashtakiwa kwa unga, iwe kampuni inadaiwa, iwe mfungwa analalamikia gereza, inaanzia mahakama ya wilaya ya shirikisho. Zipo 94 nchi nzima, jimbo la New York peke yake linazo 4. Jaji wake anateuliwa na Rais, anathibitishwa na Seneti, na akishakaa amekaa, hafukuzwi kwa sababu kamuudhi mkubwa na mshahara wake haupunguzwi. Njia ya kumtoa ni Bunge kumshtaki na Seneti kumtia hatiani, na tangu nchi ile ianze waliotolewa kwa njia hiyo ni 8 tu. Huyu ndiye anayewaona mashahidi wakijibu, anayeamua ushahidi upi uingie na upi ubaki nje, anayelielekeza juri, yaani wananchi wa kawaida wanaoamua kama mtu ana hatia, na ambaye mwisho wa siku anamtazama mshtakiwa usoni na kumwambia unaenda jela miaka mingapi. Wale wa juu wanasoma makaratasi. Mahakama ya rufaa ina kawaida ya kuheshimu alichokiona jaji wa chini kuhusu ukweli wa mambo, kwa hiyo akikosea pale chini kunyoosha ni shughuli.

Na Motley alilijua hili kuliko mtu yeyote, kwa sababu alishasimama mbele ya majaji wa namna hiyo akiwa wakili, na wawili kati yao ni kama Mungu aliwaweka makusudi watu waone tofauti.

Wa kwanza ni Jaji William Bootle wa jimbo la Georgia, Kusini mwa Marekani. Vijana wawili weusi, Hamilton Holmes na Charlayne Hunter, waliomba kuingia Chuo Kikuu cha Georgia mwaka 1959, wakawa wanapigwa danadana, mara mabweni yamejaa, mara hivi mara vile. Desemba 1960 kesi ikasikilizwa mji wa Athens hukohuko Georgia, Motley akapata mafaili ya chuo akaanza kuyalinganisha. Holmes kwenye intaviu alikuwa ameulizwa kama amewahi kwenda kwenye danguro! Kijana anaomba nafasi ya chuo jamani. Motley akaonyesha mahakamani kwamba waombaji wazungu hawakuwa wanaulizwa upuuzi wa aina hiyo. Bootle, mzungu wa hukohuko Georgia, aliyeteuliwa na Rais Eisenhower, akasikiliza, na tarehe 6 Januari 1961 akaandika kwamba hawa wawili walikuwa na sifa na wangeshachukuliwa isingekuwa rangi yao. Siku chache baadaye akasimamisha kidogo amri yake ili rufaa isikike, lakini Jaji Elbert Tuttle wa mahakama ya rufaa akakiondoa kizuizi hicho siku ileile, vijana wakaingia darasani.

Wa pili ni Jaji Sidney Mize wa Mississippi. Hapo ni James Meredith, mwanajeshi wa zamani, anataka kuingia chuo kikuu cha jimbo. Chuo kinataka barua za kumdhamini kutoka kwa watu waliosoma hapo zamani, na waliosoma hapo wote ni wazungu, sasa mtu mweusi wa Mississippi miaka ile azitoe wapi? Mbele ya Mize kesi ikawa inaahirishwa na kuahirishwa, Motley akiomba mafaili anapewa kwa kijiko, na mwishoni, mwaka 1962, jaji yule akaandika eti chuo hakibagui. Eti hakibagui! Watu wote Mississippi walikuwa wanajua, watoto wadogo walikuwa wanajua, lakini ikishaandikwa na jaji kwamba ndo ukweli wa kesi, wewe wakili una mlima wa kupanda. Mahakama ya rufaa ikaupindua uamuzi ule Juni 1962, halafu tena jaji mmoja wa rufaa, Ben Cameron, akawa anatoa amri za kusimamisha moja baada ya nyingine mpaka Jaji Hugo Black wa Mahakama Kuu akaingilia Septemba. Meredith aliingia chuo baada ya usiku wa vurugu ambao watu wawili walikufa. Mwaka mzima na zaidi ulikwenda na maji.

Kwa hiyo mtu akiniambia jaji wa wilaya ni wa chini tu, mimi namwambia kamuulize Meredith.

Nirudi kwenye maisha yake kidogo kwa ajili ya wale ambao hawakusoma makala. Alizaliwa New Haven, Connecticut, 14 Septemba 1921, wazazi walihamia kutoka kisiwa cha Nevis kule Karibiani, watoto 12 na yeye ni wa 9. Baba yake alikuwa mpishi wa vilabu vya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Yale, yaani anawapikia watoto wa wakubwa ambao kesho ndo watakuwa majaji na maseneta. Hela ya chuo haikuwepo. Kilichomtoa ni hotuba: alisimama akaongea kwenye kituo cha jamii mjini kwao, tajiri mmoja mzungu anaitwa Clarence Blakeslee akawepo ukumbini, akamsikia, akaamua kumlipia masomo. Akaenda kwanza chuo cha Fisk kule Tennessee, na treni ilipofika Cincinnati akahamishiwa behewa chakavu la weusi, mara yake ya kwanza kuuonja ubaguzi wa majimbo ya Kusini. Akamalizia New York University 1943, kisha sheria Columbia, akamaliza 1946. Kabla hata hajamaliza wakili Thurgood Marshall alishamchukua kwenye mfuko wa kisheria wa NAACP, chama cha kupigania haki za weusi, na kumbukeni ni wakati ambao mwanamke mweusi akienda kuomba kazi kampuni ya mawakili anarudishwa mlangoni, na yeye yalimkuta. Pale kwa Marshall aliandika hati ya kwanza ya madai ya kesi ya Brown, ile iliyovunja ubaguzi wa shule mwaka 1954. Mahakama Kuu alisimama mara 10, akashinda 9. Hayo mmeyaandika, sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni hapa. Rais Johnson alipeleka jina lake Seneti Januari 1966. Mwanzoni wazo lilikuwa apewe kiti cha mahakama ya rufaa, kukawa na upinzani, ikaonekana bora mahakama ya wilaya, Southern District of New York, yenye Manhattan na Wall Street yote, mtaa wa mabenki, ndani yake. Hata hapo mwenyekiti wa kamati ya sheria ya Seneti alikuwa nani? James Eastland wa Mississippi! Jimbo lilelile ambalo mama huyu alilipeleka mahakamani na kulishinda. Eastland akamtuhumu ukomunisti na jina likakaa kabatini miezi na miezi, Seneti ikamthibitisha tarehe 30 Agosti 1966. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho Marekani, na mwanamke wa kwanza kabisa kwenye mahakama ile.

Sasa ndo kazi ikaanza, na kazi yenyewe haina kamera. Kesi zinagawiwa kwa bahati nasibu, jaji hachagui. Leo umepewa kesi ya meli iliyogongana, kesho ya mtu aliyekwepa kodi, keshokutwa ya hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya mashine ambayo hujawahi kuiona maishani, na unatakiwa uelewe wewe, pamoja na vijana wawili watatu waliotoka chuo cha sheria wanaokusaidia kutafiti. Mtu aliyezoea kupigania upande mmoja kwa miaka 20 anatakiwa akae kimya asikilize pande mbili, na mara nyingi aamue dhidi ya yule anayefanana naye. Wapo waliotegemea kwamba kila mweusi na kila mwanamke akifika mbele yake atashinda, wakaondoka wamenuna. Kwangu mimi hiyo ni sifa, ingawa najua wapo waliosema kwamba kiti kilimfunga mdomo mpiganaji. Huenda kweli kilimfunga, lakini kesi tatu nitakazotaja zinanifanya niamini kilimpa kitu kingine.

Kesi ya Martin Sostre nitaanza nayo kwa sababu ndiyo nzito. Huyu alikuwa na duka la vitabu Buffalo, akafungwa, na gerezani akawa anasaidia watu na mambo ya sheria, akaandaa hati za mahakama kumsaidia mshtakiwa mwenzake. Wakamtupa selo ya upweke siku 372. Mazoezi ya saa moja kwa siku aliruhusiwa endapo tu atakubali kuvuliwa na kupekuliwa mwili mzima, hadi sehemu ambazo sitaziandika gazetini, akakataa, kwa hiyo akawa hatoki. Aliandika madai yake mwenyewe kwa mkono wake, yakaangukia meza ya Motley. Mei 1970 akaamua kwamba mtu huyu kaadhibiwa kwa imani zake za kisiasa na kwa kuwasumbua wakubwa na kesi, akaamuru gereza lifuate utaratibu wa haki kabla ya kumwadhibu mfungwa namna ile, na alipwe dola 25 kwa kila siku aliyokaa selo ile. Dola 25 si hela ya kujengea nyumba, lakini fikiria wakuu wa magereza wanahesabiwa siku moja moja mbele ya mtu waliyemwona takataka. Mwaka uliofuata mahakama ya rufaa ikapunguza, ikasema kifungo cha upweke chenyewe siyo lazima kiwe ukatili unaokatazwa na katiba, ila ikakubali kwamba kuadhibiwa kwa siasa zake ilikuwa kosa. Ndo maisha ya jaji wa wilaya hayo, unaandika kurasa kibao, wakubwa wanakata nusu, na nusu iliyobaki inatumika na wafungwa miaka mingi baadaye.

Ya pili ni ya 1975 na hii mimi naipenda kuliko zote. Mwanasheria kijana wa kike aliishtaki kampuni kubwa ya mawakili ya Wall Street, Sullivan & Cromwell, kwamba inabagua wanawake kwenye ajira. Kesi ikaangukia kwa Motley. Kampuni ikamwomba ajitoe! Sababu yao: wewe ni mwanamke na uliwahi kuwa wakili wa haki za watu, kwa hiyo utakuwa umeshaonja ubaguzi, utaegemea upande. Hebu iangalieni hoja hiyo vizuri, yaani aliyeonewa hawezi kuhukumu ila aliyetoka kundi la wanaoonea anaweza, na hakuna aliyekuwa akiwaomba majaji wazungu wa kiume wajitoe kwenye kesi za kampuni walizotoka. Motley hakupiga kelele. Akajibu kwa maandishi makavu kabisa kwamba kama historia, jinsia au rangi ya jaji peke yake ingetosha kumtoa, basi hakuna jaji hata mmoja wa mahakama ile ambaye angeweza kuisikiliza, maana wote walikuwa mawakili, wote wana jinsia, na wengi wametoka kwenye kampuni kubwa za sheria au utumishi wa serikali. Akabaki kwenye kesi. Ikaishia kwa suluhu mwaka 1977, kampuni ikakubali kubadilisha mambo yake. Mpaka leo mtu akitaka jaji ajitoe kwa sababu ya alivyozaliwa, maneno yale yanatolewa kabatini.

Ya tatu wapenda michezo wataifurahia. Fainali za besiboli za 1977, Yankees na Dodgers, mwandishi wa kike wa jarida la Sports Illustrated, Melissa Ludtke, akakatazwa kuingia chumba cha kubadilishia nguo ambako waandishi wenzake wa kiume wanafanya mahojiano mechi ikiisha. Akakaa nje anasubiri wachezaji waletwe, na wenzake wameshamaliza stori. Wakuu wa besiboli chini ya Bowie Kuhn wakasema wanalinda faragha ya wachezaji. Motley akauliza maswali ya kawaida tu ya mtu mzima mwenye akili: uwanja wa nani? Wa jiji la New York, umekodishwa, kwa hiyo katiba inaingia. Hao wachezaji si wana mataulo? Pazia haliwekeki? Septemba 1978 akaamuru waandishi wa kike wa uwanja ule wasifungiwe nje kwa jinsia yao. Akatukanwa na kuchekwa magazetini weee. Ila leo ukiona mwanamke kashika maiki kwenye vyumba vya wachezaji wa Marekani hakuna anayeshtuka.

Kuhusu hukumu za jinai. Hapa siwezi kumpamba, kwa sababu zamani kule jaji wa wilaya alikuwa na uhuru ambao ukiufikiria unatisha, sheria inasema kosa hili kuanzia sifuri mpaka miaka 20, basi unayempata kwa bahati nasibu anakupangia anavyoona. Jaji mwenzake mahakama hiyohiyo, Marvin Frankel, aliupigia kelele sana utaratibu huo miaka ya 70, na Bunge likaja kutunga sheria mwaka 1984 iliyoleta majedwali ya adhabu, yakaanza kutumika Novemba 1987 na kuwabana majaji kweli kweli. Januari 2005 Mahakama Kuu ikasema majedwali yawe ya ushauri tu. Maana yake Motley alikaa kwenye kiti zama zote mbili, uhuru mtupu na kamba shingoni. Mwandishi wenu angetuuliza hapo, mtu aliyepigania usawa maisha yake yote alijisikiaje kumpa mtu adhabu ambayo jedwali limempangia? Ndo maswali ya maisha ya jaji hayo.

Kuna jambo lingine linalonifurahisha na ni kama kichekesho cha historia. Ile kesi moja aliyoshindwa Mahakama Kuu, Swain dhidi ya Alabama, 1965, ilihusu waendesha mashtaka kuwaengua weusi kwenye juri bila kutoa sababu. Mwaka 1986 mahakama ileile ikageuza msimamo kwenye kesi ya Batson. Kwa hiyo kuanzia hapo mwendesha mashtaka anayewaengua weusi anatakiwa ajieleze, na anajieleza mbele ya nani? Mbele ya jaji wa wilaya. Motley aliishi akaja kuisimamia mwenyewe, kutoka upande wa pili wa meza, sheria aliyoiomba akanyimwa.

Alikuwa jaji mkuu wa mahakama hiyo kuanzia 1982 mpaka 1986, kisha akaingia hadhi ya jaji mwandamizi, ambayo watu wengi hudhani ni kustaafu. Unapunguziwa kesi lakini bado ni jaji, bado unavaa joho, na nafasi yako anateuliwa mwingine, kwa hiyo mahakama inapata watu wawili. Yeye aliendelea hivyo mpaka alipofariki 28 Septemba 2005, akiwa na miaka 84. Mwaka 2022 Ketanji Brown Jackson, ambaye naye aliwahi kuwa jaji wa wilaya, kule Washington, alipotangazwa kwenda Mahakama Kuu alimtaja Motley, na akakumbusha kwamba wamezaliwa siku moja, 14 Septemba, wakipishana miaka 49. Magazeti yote yakaandika hiyo ya birthday. Sostre nani alimwandika?

Kwa hiyo Mhariri, mkija kuirudia mada hii, na nawaomba mrudie, mpeni mwandishi ukurasa wa pili wa miaka ile 39. Na kama nafasi itabaki mwekeni na Jaji Bootle, maana pale Georgia bila yeye wakili angeweza kuwa na mafaili yote duniani na bado vijana wakabaki nje ya geti. Yule mzee aliishi miaka 102, akafariki Januari 2005, miezi michache kabla ya Motley, na kwenye makala yenu hata jina lake halimo.

Msomaji wenu wa siku zote